Jinsi ya kuuona uwezo wa mwanafunzi ambao kipimo cha akili hakiuoni

Mwanafunzi akipata alama ndogo kwenye kipimo cha akili, habari hiyo humtangulia kila aendako. Inaingia kwenye faili, inamfikia mwalimu wa mwaka unaofuata kabla hajamsikia mtoto akizungumza, na mzazi anaipokea kama hukumu. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kujua mengine yaliyomo ndani ya mtoto huyo, na kuyajua kwa ushahidi. Ile kauli ya kufariji kwamba kila mtoto ana kipaji chake haimsaidii mtoto yeyote ikiwa mwalimu hawezi kusema kipaji hicho ni kipi, alikiona lini, na wiki ijayo atakitumia vipi darasani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Uwezo wa mwanafunzi uandikwe kama kitendo alichokifanya, pamoja na mazingira aliyokifanyia. Ukiuandika kama aina ya mtoto, umebandua lebo moja na kubandika nyingine.

Hatua ya 1: Jua kipimo kilitoka wapi na kinapima nini

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwasaidia watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao katika masomo ya kawaida. Mwanasaikolojia Alfred Binet, mmoja wa wajumbe, alishirikiana na daktari Théodore Simon, na mwaka 1905 wakatoa kipimo chao cha kwanza chenye maswali 30 yaliyopangwa kuanzia mepesi hadi magumu. Nia ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili aupate. Binet hakuamini kwamba akili ni kiasi ambacho mtu huzaliwa nacho na kufa nacho. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 aliwapinga waziwazi waliofikiri hivyo, akaeleza mazoezi ya kuimarisha usikivu, kumbukumbu na uamuzi wa watoto.

Alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili, yaani umri wa watoto ambao kwa kawaida hufikia kiwango alichofikia mtoto kwenye kipimo, kwa umri wake halisi, na hapo ndipo ilipoanzia namba inayoitwa IQ. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa toleo lake, na Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, vipimo vya kufanywa kwa makundi vilitumika kuwapima askari wapya wapatao milioni 1.7. Haikupita hata miaka 15, na kifaa kilichobuniwa kumsaidia mtoto kikawa cha kupanga watu kwa madaraja.

Vipimo vya leo humlinganisha mtoto na wenzake wa umri wake. Wastani umewekwa kuwa 100, na takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Maswali hugusa msamiati, kufikiri kwa maumbo, kumbukumbu ya muda mfupi na kasi ya kufanya kazi. Hayo ni mambo ya maana, na alama zake zina uhusiano wa kweli na matokeo ya masomo. Sikushauri uzitupe. Ninachoomba ni uangalie kile ambacho hakimo. Mtoto anapimwa kwa saa moja au mbili, chumbani, na mtu ambaye mara nyingi hajawahi kumwona. Humo hamna nafasi ya kupanga kazi ya wiki tatu, kurekebisha andiko baada ya kukosolewa, kuuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria, wala kumtuliza mwenzake ili kikundi kiendelee na kazi. Tena namba yenyewe ina ukingo wa makosa: aliyepata 92 leo anaweza kupata 88 au 97 akipimwa tena, ndiyo maana ripoti iliyoandikwa vizuri hutaja masafa ambamo alama yake inaelekea kuwa.

Terman mwenyewe aliacha somo kubwa juu ya hili bila kukusudia. Kuanzia mwaka 1921 alifuatilia watoto wapatao 1,500 wa California waliopata alama za juu kabisa. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje kwa kuwa alama zao hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Miongoni mwa waliochaguliwa hakuna aliyeipata tuzo hiyo.

Hatua ya 2: Fungua daftari la uchunguzi

Kazi kubwa iko hapa, na hatua nyingine zote zinakula kutoka kwenye daftari hili.

Tenga daftari moja, na kila mwanafunzi apate kurasa zake mbili au tatu. Usijaribu kuwachunguza wote kwa siku moja, maana utaishia kuwaona wale wale wanaonyoosha mkono. Chagua wanafunzi wanne au watano kwa wiki, andika majina yao pembeni mwa andalio la somo, na wiki hiyo macho yako yawarudie hao. Kila unapoona jambo, andika tarehe, kazi iliyokuwa ikifanyika, alichokitenda, maneno aliyoyasema, na hali ilivyokuwa: alikuwa peke yake au kikundini, alikuwa na muda wa kutosha au alikimbizwa, maelekezo yalikuwa ya mdomo au ya kusoma.

Linganisha maandishi haya mawili juu ya mwanafunzi mmoja. La kwanza:

"Mchangamfu. Anapenda vitendo. Kuandika ni dhaifu."

La pili:

"Jumanne, sayansi, kikundi cha wanne. Balbu haikuwaka. Wenzake walibadilisha betri mara mbili. Yeye alichomoa waya mmoja, akaitazama ncha yake, akaikwangua kwa ukucha, akaurudisha. Haikuwaka. Akahamia waya wa pili, akafanya vilevile. Ikawaka. Nilipomuuliza amejuaje, alisema: 'Betri zote mbili haziwezi kuwa zimekufa, kwa hiyo tatizo lilikuwa njiani.' Kwenye maelezo ya jaribio aliandika mistari miwili akaacha."

Andiko la kwanza lingeweza kumhusu mtoto yeyote wa dunia hii. La pili linakuambia kwamba mtoto huyu anachuja sababu moja baada ya nyingine, anagusa kitu kimoja kwa wakati ili ajue kipi kimeleta mabadiliko, na akiulizwa kwa mdomo anaeleza hoja yake kwa sentensi moja iliyokamilika. Linakuambia pia kizuizi kilipo: hoja ipo kichwani na mdomoni, ila haifiki kwenye karatasi. Hiyo ni taarifa unayoweza kuifanyia kazi kesho asubuhi.

Wengi huuliza watazame nini hasa. Tazama wakati mtoto amekwama. Anaporahisishiwa kila kitu huwezi kujua lolote juu yake, lakini akigonga ukuta ataonyesha anavyofikiri: anarudi mwanzo, anachora, anamuuliza jirani, anajaribu namba ndogo kwanza, au anakaa kimya akisubiri kengele. Sikiliza maswali anayouliza. Sikiliza anavyomweleza mwenzake, kwa sababu mtoto anayeweza kubadilisha maelezo yake baada ya kuona mwenzake hajaelewa ana uelewa wa somo na uelewa wa mtu kwa pamoja. Mtazame uwanjani pia, pale kanuni za mchezo zinapogombaniwa: nani anapendekeza kanuni mpya ambayo pande zote mbili zinaikubali?

Halafu soma makosa yake, usiyakate kwa kalamu nyekundu tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba 52 kutoa 38 ni 26 hajabahatisha. Katika kila safu ametoa namba ndogo kutoka kwenye kubwa: 5 kutoa 3 ni 2, 8 kutoa 2 ni 6. Ukikuta amefanya hivyo kwenye maswali yote sita, una mtoto anayeshika kanuni na kuitumia bila kuyumba. Kanuni yenyewe ndiyo yenye kasoro, na kuirekebisha ni rahisi kuliko kumfundisha mtoto asiye na kanuni yoyote. Uthabiti huo uandike daftarini pamoja na kosa lenyewe.

Jambo lililoonekana mara moja ni dokezo tu. Likijitokeza mara tatu katika kazi zisizofanana, hapo lichukue kuwa uwezo na ulipe mstari wake chini ya ukurasa. Kwa darasa la wanafunzi 40 utahitaji muhula mzima kupata picha ya kutosha ya kila mmoja, na muhula huo unastahili kutumika hivyo.

Hatua ya 3: Badilisha sura ya kazi, dhana ibaki ileile

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakajifanya wateja. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja. Hakuongeza sifuri mwishoni kama shule inavyofundisha. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine zinafanya 210, akaongeza tatu tena akafika 315, kisha akatua kwenye 350. Baadaye watoto hao walipewa hesabu zilezile kwa karatasi na penseli. Mtaani walipata asilimia 98. Hesabu zilipoandikwa kama maswali ya maelezo walipata asilimia 74. Zilipobaki namba tupu walishuka hadi asilimia 37.

Mtoto ni yuleyule na hesabu ni ileile. Mwalimu aliyeona karatasi ya mwisho peke yake angeandika kwamba hawajui kuzidisha.

Robert Serpell alipata jambo linalofanana na hilo alipowalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Walitakiwa kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa kukunja waya, mchezo ambao watoto wa Lusaka waliuzoea kwa kujitengenezea magari ya waya, wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili ziliujua, hawakutofautiana.

Darasani fanya hivi. Chukua mada moja, tuseme sehemu. Siku ya kwanza toa maswali ya kawaida ya kuandika. Siku ya pili mwanafunzi akueleze kwa mdomo kwa nini moja ya tatu ni kubwa kuliko moja ya nne, nawe usimsaidie hata neno. Siku ya tatu mpe karatasi ya kukunja au kamba ya kugawa, afike kwenye jibu kwa mikono. Kigezo kibaki kimoja siku zote tatu: je, anaelewa kwamba kadiri unavyogawa kitu katika vipande vingi, ndivyo kila kipande kinavyopungua? Ukilegeza kigezo kwenye kazi ya mikono, umejidanganya mwenyewe na umemdanganya mtoto.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Siku moja ondoa kikomo cha muda, mengine yote yabaki. Siku nyingine msomee maelekezo kwa sauti. Alama zikiruka baada ya kuondoa muda, umejua kwamba tatizo lilikuwa kasi. Zikiruka baada ya kusomewa, tatizo ni kusoma, na somo lenyewe analijua.

Hatua ya 4: Waulize wanaomjua

Katika kijiji cha Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto juu ya ujuzi wa dawa za mitishamba: dawa gani ni ya ugonjwa gani, na hutumiwaje. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini zaidi katika msamiati wa kishule. Mtoto huwa na muda mmoja tu wa kuishi, na baadhi ya familia huuwekeza mahali ambapo mtihani haufiki. Mwalimu asipouliza, ujuzi huo wote kwake haupo.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwambia mzazi, "Mtoto wako ana kipaji gani?" atasema hajui, au atakutajia daraja alilopata mwaka jana, kwa sababu anadhani shule inataka jibu la shule. Uliza juu ya matendo: "Mama, ni kazi gani ya nyumbani mnamwachia peke yake bila kumsimamia?" "Baba, kitu kikiharibika yeye hufanya nini kwanza?" "Wadogo zake humkimbilia kwa shida gani?" "Ni jambo gani anaweza kulifanya saa nzima bila kutumwa?" Baada ya kila jibu omba mfano wa karibuni, kisha nyamaza usikilize. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kwa malalamiko huchukua muda kuamini kwamba safari hii unataka kusikia mazuri.

Uliza pia nyumba hiyo inamwita nani mwerevu. Miaka ya nyuma watafiti waliokuwa kwa Wakpelle wa Liberia waliwataka watu wazima wapange vitu kwa makundi. Watu wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, na wakasema hivyo ndivyo mtu mwenye busara angepanga. Watafiti walipouliza mjinga angepangaje, watu haohao wakaweka vyakula upande mmoja na zana upande mwingine, sawasawa na vile kipimo kilivyohesabu kuwa jibu la akili. Uwezo wa kupanga kwa aina walikuwa nao. Hawakuuona kuwa jambo la maana.

Wanafunzi wenzake nao wanajua mengi. Wape vikaratasi wajibu kwa siri: ukikwama kwenye hesabu utamwendea nani, ukigombana na mtu ungependa nani awapatanishe, kazi ya kikundi ikivurugika nani huipanga upya. Majina ambayo hukuyatarajia yatajitokeza. Vikaratasi hivyo usivisome mbele ya darasa, maana mtoto ambaye hakutajwa na yeyote ataumia.

Mwanafunzi mwenyewe aulizwe mwisho, baada ya wewe kupata mifano yako. Mtoto aliyeambiwa miaka mingi kwamba hawezi hatakuwa na la kusema ukimuuliza anaweza nini. Anza na ulichokiona: "Juzi ulikwangua ncha ya waya. Wazo hilo lilikujiaje?"

Hatua ya 5: Nadharia zikusaidie kutazama, zisikusaidie kugawa watoto

Howard Gardner alitoa nadharia ya akili nyingi mwaka 1983, akitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuelewa wengine na ya kujielewa. Baadaye akaongeza ya kutambua viumbe na maumbile. Mwaka 1985 Robert Sternberg alitofautisha uwezo wa kuchambua, wa kubuni na wa kutenda katika maisha. Kabla yao, mwaka 1978, Joseph Renzulli alisema kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na moyo wa kung'ang'ania kazi.

Orodha hizo zina faida moja kubwa. Zisome ukiwa na daftari lako mkononi, utagundua ni wapi hujawahi kutazama. Ukikuta kurasa 40 hazina hata andiko moja linalogusa muziki au maelewano na watu, tatizo ni la macho yako.

Usivuke hapo. Nadharia ya Gardner imekosolewa sana na watafiti wa vipimo kwa kukosa ushahidi kwamba akili hizo zinajitegemea kila moja. Tangu utafiti wa mwanasaikolojia Charles Spearman wa mwaka 1904 imeonekana mara nyingi kwamba anayefanya vizuri katika aina moja ya majaribio huelekea kufanya vizuri katika nyingine pia. Na lile wazo kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wa masikio na wa mikono, kila mmoja afundishwe kwa njia yake, lilipitiwa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008. Hawakuona ushahidi wa kutosha wa kulitumia darasani. Gardner naye amekataa nadharia yake isichanganywe na wazo hilo. Kwa hiyo usigawe meza za darasa kwa aina za akili, na usimpe mtoto dodoso la dakika kumi kisha ukamtangazia matokeo.

Hata sifa inaweza kudhuru. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walipungukiwa na hamu ya kuendelea kuliko wale waliosifiwa kwa bidii yao. Mwambie mtoto ulichoona akikifanya. "Ulijaribu waya mmoja mmoja badala ya yote kwa pamoja" ni kauli anayoweza kuirudia kwa kitendo. "Wewe una akili ya ufundi" inamwachia hofu ya kuipoteza.

Hatua ya 6: Anzia anachokiweza, umfikishe kwenye kigumu

Hatua hii ikirukwa, zote zilizotangulia zinaweza kumdhuru mtoto. Nimeona mara nyingi mtoto anayechora vizuri akipewa kuchora kila kikundi kinapofanya kazi, mwaka mzima, huku wenzake wakiandika. Kila mtu anafurahi, yeye akiwemo, na mwisho wa mwaka bado hawezi kutunga aya. Uwezo wake umegeuzwa kuwa ruhusa ya kutofundishwa.

Rudi kwa yule mwanafunzi wa balbu. Lengo ni aandike maelezo ya jaribio kama wengine. Wiki ya kwanza, mwache aeleze kwa mdomo hatua kwa hatua, wewe au mwenzake mkiandika maneno makuu kwenye vikaratasi: betri, waya, ncha, kukwangua, kuwaka. Wiki ya pili avipange mwenyewe kwa mfuatano, kisha chini ya kila kimoja aandike sentensi moja. Mpe neno moja tu la kuunganishia, "kwa hiyo", kwa sababu tayari alilitumia aliposema tatizo lilikuwa njiani. Wiki ya tatu vikaratasi viondolewe, aandike aya nzima, kisha aikague kama alivyokagua mzunguko wa umeme: asome sentensi moja moja akijiuliza ni ipi haipitishi maana. Njia anayoijua ya kutafuta hitilafu imehamia kwenye uandishi.

Kila uwezo ulioupigia mstari daftarini, andika pembeni yake somo analolihofia mtoto huyo na namna moja ya kuviunganisha. Ukikosa namna, muulize mwalimu mwenzako. Mara nyingi mwalimu wa michezo au wa muziki ameshapata njia ambayo mwalimu wa hesabu anaitafuta.

Hatua ya 7: Watafute wanaopita bila kuonekana

Mtoto mkimya anayepata alama za kati ndiye anayepotea kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakusumbui na hakufurahishi. Mpe wiki mbili badala ya moja. Anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, mtafutie nafasi ya kueleza jambo moja kwa lugha yake, hata kama mwanafunzi mwenzake ndiye atakayekutafsiria. Mwenye ulemavu, kuwa macho usije ukaandika ulemavu wake tu na ujasiri wa kuuvumilia. Anastahili kusifiwa kwa hoja zake kama mwingine yeyote.

Na mwenye alama za juu kabisa asisahaulike. Naye amegeuzwa kuwa namba, na mara nyingi hakuna anayejua kama anaweza kushindwa jambo kisha akalirudia.

Hatua ya 8: Andika, kisha ukabidhi

Kwenye ripoti ya maendeleo, sehemu ya maoni ya mwalimu iwe na sentensi tatu: alichokionyesha na lini, kilichomzuia na katika hali gani, na kinachofuata. Mfano: "Katika majaribio matatu ya sayansi muhula huu alipata chanzo cha hitilafu kwa kuondoa sababu moja moja. Maelezo yake ya mdomo yamekamilika, ya maandishi huishia mistari miwili. Sasa anaandika kwa kutumia vikaratasi vya hatua. Muhula ujao ataviacha." Mzazi akisoma hivyo anajua la kufanya nyumbani. Akisoma "aongeze bidii", hajui.

Kuna wakati kipimo rasmi kinahitajika. Mtoto akibaki nyuma katika kusoma licha ya msaada wa miezi kadhaa, au tofauti kati ya mdomo wake na maandishi yake ikiwa kubwa mno, aanze kwa kupimwa macho na masikio, kisha aonwe na mtaalamu. Peleka daftari lako. Matokeo yakirudi, usiridhike na namba moja ya jumla. Omba alama za kila sehemu, maana mtoto mwenye 118 katika kufikiri kwa maneno na 79 katika kasi anahitaji muda wa ziada, na wastani wa hizo mbili utamficha. Uliza alipimwa kwa lugha gani, alikuwa amelala vizuri, na masafa ya alama yake ni yapi.

Mwisho wa mwaka, fupisha kila mwanafunzi kwa ukurasa mmoja wa kumkabidhi mwalimu anayefuata: mambo mawili au matatu anayoyaweza, kila moja na mfano wenye tarehe, na kile kilichosaidia alipokwama. Alama ya kipimo cha akili, kama ipo, ikae mwishoni mwa ukurasa pamoja na tarehe aliyopimwa. Kabla hujaukabidhi, mpe mwanafunzi mwenyewe ausome. Akikuambia kuna kitu umekosea, andika maneno yake chini ya yako, kama alivyoyasema.